Kuondoa Programu Zilizopitwa na Wakati katika Kompyuta ya Nyumbani



Somo hili linamhusu kila mwenye kompyuta nyumbani, na hasa yule aliyenunua kompyuta iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ndani ya kompyuta ya namna hiyo hukaa programu ambazo mwenyewe hakuziweka, hazitumii, na mara nyingi hajui kama zipo. Baadhi yake ziliachwa na watengenezaji wake miaka mingi iliyopita, lakini zinaendelea kufanya kazi chinichini kila kompyuta inapowashwa.

Baada ya kusoma somo hili, tunatarajia msomaji aweze kufanya mambo matatu: kutambua programu iliyopitwa na wakati, kuiondoa kwa utaratibu hata pale inapokataa, na kujua haki yake anapouziwa kompyuta yenye programu za aina hiyo. Maelezo yetu yanahusu kompyuta zinazotumia Windows, kwa kuwa ndizo zinazopatikana zaidi katika nyumba na maduka yetu.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue nyumba moja ya kubuni katika mji mdogo wa Chala, wilayani Nkasi, kando ya barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Baada ya kuuza mahindi na alizeti, alinunua mjini Sumbawanga kompyuta mpakato iliyotumika. Intaneti anaipata kwa kuunganisha kompyuta na simu yake, kwa bando analolinunua mwenyewe.

Binti yake amemaliza kidato cha sita na anaomba mkopo wa elimu ya juu, maombi ambayo siku hizi hujazwa mtandaoni. Majirani wawili nao wameleta vyeti vya watoto wao. Vyeti hivyo vimepigwa picha na kuhifadhiwa katika kompyuta hiyo hiyo, vikiwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za vitambulisho. Lakini kila binti anapofungua ukurasa wa maombi, kompyuta inaonya kuwa muunganisho si salama. Pembeni kunajitokeza tangazo kwamba leseni ya programu ya kuzuia virusi ilikwisha muda wake tangu enzi za mwenye kompyuta wa kwanza. Mwalimu anampigia simu fundi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Hii kompyuta inakataa kufungua ukurasa wa mkopo, na siku zimebaki nne."

"Hiyo itakuwa ile antivairasi ya zamani, Mwalimu. Ingia kwenye folda yake, futa kila kilichomo, kisha zima na kuwasha."

Mwalimu akafanya kama alivyoelekezwa. Baadhi ya mafaili yakafutika, mengine yakagoma. Kompyuta ilipowaka tena, intaneti haikupatikana kabisa, ingawa simu ilikuwa na bando la kutosha. Jina la programu lilibaki katika orodha, na alipojaribu kuiondoa kwa njia ya kawaida, kompyuta ilimjibu kuwa faili la kuiondolea halionekani.

Fundi hakuwa na nia mbaya, na kuhusu chanzo cha tatizo hakukosea. Alikosea njia. Programu ya kuzuia virusi hujiweka katikati ya kompyuta na mtandao ili ikague kila kinachoingia na kutoka. Ukiifuta kwa mkono unaondoa sehemu inayofanya ukaguzi, lakini kile kizuizi kilichowekwa njiani kinabaki, na hakuna kinachopita tena. Ni kama kumwondoa mlinzi wa geti aondoke na funguo huku geti likiwa limefungwa.

Kanuni ya somo letu, basi, ni hii: programu iliyopitwa na wakati lazima iondolewe, na iondolewe kwa mlango wake. Tutaona kwanza kwa nini lazima, kisha tutaona mlango wenyewe uko wapi, na mwisho tutarudi Chala kuona Mwalimu alivyotoka katika tatizo lake.

Kwa nini isiachwe ilipo

Mtengenezaji wa programu hutoa masasisho mara kwa mara ili kuziba mianya inayogunduliwa. Siku anapotangaza kuwa ameacha kuihudumia programu hiyo, mianya haikomi kugunduliwa. Kinachokoma ni kuzibwa kwake.

Tukio la Mei 2017 ni funzo kwa dunia nzima. Programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali nyingi za umma zililazimika kuahirisha huduma kwa wagonjwa. WannaCry ilipitia mwanya katika njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili kati ya kompyuta na kompyuta. Sasisho la kuziba mwanya huo lilikuwa limetolewa mwezi Machi mwaka huo, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimelipokea.

Sababu ya pili ni gharama. Programu nyingi za zamani hujaribu kuwasiliana na watengenezaji wao kila kompyuta inapounganishwa na intaneti, na nyingine huvuta matangazo. Kwa mtu anayetumia bando la simu, hiyo ni fedha inayotoka mfukoni mwake bila yeye kunufaika.

Sababu ya tatu ni ile iliyomfika Mwalimu: programu ya zamani huzuia huduma za sasa. Programu ya kuzuia virusi iliyokwisha muda inaweza kushindwa kutambua vyeti vya usalama vya tovuti za leo, ikazikataa hata zile halali. Vivinjari vya zamani navyo hushindwa kufungua kurasa mpya. Chrome toleo la 109 ndilo la mwisho linalofanya kazi katika Windows 7. Matoleo yaliyofuata, kuanzia Februari 2023, yanahitaji Windows 10 au zaidi.

Kusasisha si kuondoa

Watumiaji wengi huamini kwamba wakikubali sasisho jipya, toleo la zamani hujiondokea lenyewe. Imani hiyo iliwahi kufikishwa mbele ya chombo cha kulinda watumiaji nchini Marekani. Mnamo Desemba 2015, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilitangaza makubaliano na kampuni ya Oracle kuhusu programu ya Java, iliyokuwa katika kompyuta binafsi zaidi ya milioni 850. Tume ilidai kwamba kampuni iliwaahidi watumiaji kuwa masasisho yangeziweka kompyuta zao salama, lakini haikuwaeleza kwamba sasisho liliondoa toleo moja tu lililotangulia. Matoleo ya nyuma zaidi yalibaki ndani ya kompyuta na mianya yake. Kwa makubaliano hayo, kampuni ilitakiwa kumjulisha mtumiaji anaposasisha kwamba ana matoleo ya zamani, kumweleza hatari yake, na kumpa njia ya kuyaondoa.

Tunaitaja kesi hii kwa sababu athari zake zinaweza kuonekana hata katika kompyuta iliyoko Chala. Ukifungua orodha ya programu katika kompyuta ya miaka ya 2010, si ajabu kukuta Java mbili au tatu zenye namba tofauti. Kama hakuna programu unayoitumia inayohitaji Java, ziondoe zote. Kama ipo, bakiza ile mpya peke yake.

Programu za kutafuta kwanza

Programu zifuatazo zimekwisha muda wake. Ukizikuta katika kompyuta yako, zishughulikie.

Adobe Flash Player. Hii ilitumika kuonyesha video, michezo na masomo katika kurasa za mtandao. Tusiichanganye na ile flashi ya kuhifadhia mafaili, ambayo haina tatizo. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ilizuia kazi zake. Microsoft ilitoa sasisho la kuiondoa, lakini sasisho hilo huondoa ile Flash iliyokuja pamoja na Windows tu. Ile ambayo mtu aliipakua mwenyewe hubaki, na huondolewa kwa mkono wa mwenyewe. Tovuti yoyote inayokuambia leo kwamba unahitaji kusasisha Flash inakudanganya.

Internet Explorer. Kivinjari hiki kilistaafishwa katika Windows 10 tarehe 15 Juni 2022. Sehemu zake zimeshonwa ndani ya Windows, kwa hiyo usijaribu kuzing'oa. Inatosha kuacha kukitumia na kuchagua kivinjari kingine kinachosasishwa.

Programu za kuzuia virusi zilizokwisha leseni. Hizi ndizo sugu kuliko zote, kwa sababu zimetengenezwa makusudi ili zisiweze kuondolewa kirahisi na virusi.

Pau za ziada za kivinjari. Hizi huingia zikiwa zimeambatana na programu nyingine za bure, hubadilisha ukurasa wa kuanzia na kuleta matangazo.

Programu zilizovunjwa kufuli. Nakala zisizo na leseni mara nyingi huzimwa uwezo wa kupokea masasisho ili zisigundulike. Kwa hiyo hata ikiwa ni ya mwaka huu, tayari imeanza kupitwa na wakati.

Kabla ya kugusa chochote

1. Angalia tarehe na saa ya kompyuta. Katika kompyuta za zamani betri ndogo ya ndani huisha nguvu, na tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Tarehe ikiwa si sahihi, kompyuta itakataa tovuti salama kwa madai kuwa vyeti vyake si halali. Irekebishe kwanza. Huenda tatizo likaishia hapo.

2. Fahamu toleo la Windows ulilonalo. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter.

3. Nakili nyaraka zako muhimu katika flashi au diski ya nje. Hakikisha zinafunguka katika kompyuta nyingine kabla ya kuamini kwamba ziko salama.

4. Andika katika daftari namba za leseni za programu unazotaka kubaki nazo.

5. Chaji betri ijae. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya kuondoa programu, kazi hiyo hubaki nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayosumbua baadaye.

Njia ya kawaida

Bonyeza tena kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika appwiz.cpl, kisha bonyeza Enter. Itafunguka orodha ya programu zilizowekwa. Orodha hiyo inaonyesha jina la programu, mtengenezaji wake na tarehe iliyowekwa.

Soma orodha yote kabla ya kuondoa hata moja. Usiihukumu programu kwa mwaka ulioandikwa katika jina lake peke yake. Kwa mfano, utakuta majina yanayoanza na Microsoft Visual C++ yenye miaka kama 2008, 2010 na 2013. Hizo ni nguzo zinazobeba programu nyingine, na ukiziondoa, programu unazozitumia zinaweza kukataa kufunguka. Vivyo hivyo viendeshi vya skrini, sauti na printa: viache. Jina usilolifahamu liandike pembeni na ulitafutie maana kwanza.

Ukiwa na uhakika, fuata hatua hizi:

1. Funga programu husika, pamoja na alama yake ndogo iliyo pembeni mwa saa.

2. Katika orodha, bofya jina lake mara moja, kisha bofya palipoandikwa "Uninstall".

3. Soma kila swali utakaloulizwa. Baadhi ya programu hukusihi ubaki nazo, au hukupa kitufe kikubwa cha kubaki na maandishi madogo ya kuondoka.

4. Kazi ikimalizika, washa upya kompyuta kwa kuchagua "Restart". Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Katika Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo ili kompyuta iwake haraka baadaye. Kuzima na kuwasha, kwa hiyo, si sawa na "Restart". Mabaki mengi ya programu husubiri "Restart" ndipo yaondoke.

5. Rudi katika orodha kuhakikisha jina halipo. Ndipo uendelee na programu nyingine. Ondoa moja baada ya nyingine, ili tatizo likitokea ujue limeletwa na ipi.

Programu inapokataa

Programu ikigoma, tumia njia zifuatazo kwa mpangilio, ukianza na ile nyepesi.

Kwanza, ikiwa unaambiwa kwamba programu bado inatumika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika dirisha litakalofunguka, tafuta jina lake, lichague, kisha bofya "End task". Jaribu tena kuiondoa.

Pili, tafuta kiondoaji maalumu cha mtengenezaji. Watengenezaji wakubwa wa programu za kuzuia virusi hutoa bure kiondoaji cha programu yao, kilichotengenezwa kwa ajili ya hali ambapo njia ya kawaida imeshindikana. Kipakue katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Ikiwa kompyuta haina intaneti, kipakue kwa simu, kisha ukihamishe kwa waya. Faili hilo halitafunguka katika simu, na hilo lisikutie shaka.

Tatu, tumia hali salama, ambayo katika skrini huandikwa "Safe Mode". Kompyuta ikiwaka katika hali hii hupakia vitu vya lazima tu, hivyo programu sugu hukosa nafasi ya kujilinda. Katika Windows 10 na 11, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya "Restart", kisha chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings" na "Restart". Orodha itakapotokea, bonyeza namba 4. Katika Windows 7, bonyeza F8 mara kwa mara kompyuta inapoanza kuwaka. Fahamu kwamba programu nyingi za kawaida haziondoleki katika hali hii, kwa sababu huduma ya Windows inayoziondoa huwa imezimwa. Njia hii inafaa zaidi kwa viondoaji maalumu tulivyovitaja.

Nne, kama tatizo ni kwamba faili la kuiondolea limepotea, Microsoft inacho kifaa cha bure cha kutatua matatizo ya kuweka na kuondoa programu. Kifaa hicho hurekebisha kumbukumbu zilizoharibika na kuiondoa programu katika orodha. Wakati mwingine husaidia pia kuiweka programu hiyo upya, kutoka kwa mtengenezaji wake, ili faili lililopotea lirudi, kisha kuiondoa kwa njia ya kawaida.

Tano, na iwe ya mwisho, Windows 10 na 11 zinao uwezo wa kurudishwa upya, katika sehemu inayoitwa "Reset this PC". Ukichagua "Keep my files", nyaraka zako hubaki, lakini programu zote ulizoongeza huondoka, mbaya kwa nzuri. Usiifanye kabla hujawa na nakala ya nyaraka zako mahali pengine.

Mambo ya kuepuka

Usifute folda ya programu kwa mkono. Mwalimu wetu ameonyesha matokeo yake.

Usitumie programu zinazojinadi kuwa zinasafisha sajili ya Windows. Sajili ni daftari ambamo Windows huandika mipangilio yake yote, na Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi ya visafishaji hivyo.

Usipakue kiondoaji kutoka tovuti usiyoifahamu, hata kama imetokea juu kabisa ulipotafuta. Ya juu mara nyingi ni tangazo lililolipiwa.

Usimruhusu mtu aliyekupigia simu bila wewe kumtafuta aiongoze kompyuta yako kutoka mbali, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni kubwa.

Baada ya kuondoa

Ukiondoa programu ya kuzuia virusi, usiiache kompyuta bila ulinzi. Windows 10 na 11 zina kinga yake ya ndani, ambayo hujizima inapoona programu nyingine ya aina hiyo imesajiliwa, na hurudi kazini hiyo nyingine ikiondoka. Fungua "Windows Security" ujiridhishe kuwa imewaka.

Kisha shughulikia Windows yenyewe. Huduma kwa Windows 7 ilikoma tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023. Kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa watumiaji wanaojisajili katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaoishia Oktoba 2026. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye kompyuta kama hiyo anaweza kumwomba fundi amwekee mfumo wa bure wa Linux unaoendelea kusasishwa. La sivyo, aitumie bila intaneti kwa kazi za kuandika, na mambo ya fedha na maombi ayafanyie katika kifaa kingine.

Kwa wanaotumia bando la simu, lipo jambo la kupanga. Windows hukuruhusu kuitambulisha intaneti yako kuwa ni ya kupimwa, ili masasisho makubwa yasivutwe bila idhini yako. Ni busara kufanya hivyo, lakini kompyuta iliyowekwa hivyo mwaka mzima hubaki bila kinga mpya. Tenga siku moja kila mwezi, nunua bando linalotosha, au nenda mahali penye intaneti isiyopimwa, uiache kompyuta isasishe.

Haki na wajibu wako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Muuzaji akikuambia kwamba kompyuta ina Windows halali na ulinzi unaofanya kazi, ilhali leseni ilikwisha siku nyingi, hilo ni jambo la kulalamikia. Kabla ya kulipa, mwombe aiwashe kompyuta mbele yako, akuonyeshe toleo la Windows na orodha ya programu. Mtake aandike katika risiti kile anachokuahidi. Ukipata tatizo, rudi kwanza kwake ukiwa na risiti hiyo. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani.

Wajibu nao upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Anayewajazia wengine maombi kwa malipo anabeba vyeti na namba zao. Hata anayesaidia majirani bila malipo amepewa amana. Vyeti vya watu visikae katika kompyuta yenye programu zilizotelekezwa, na kazi ikiisha, vifutwe.

Turudi Chala

Mwalimu aliyekwama hakuhitaji kompyuta nyingine. Alirekebisha tarehe, iliyokuwa nyuma kwa miaka sita. Alinakili vyeti katika flashi. Kwa simu yake, alipakua kiondoaji katika tovuti ya mtengenezaji wa ile programu, akakihamisha kwa waya, akaiwasha kompyuta katika hali salama na kukitumia. Baada ya "Restart", kile kizuizi kilichobaki njiani kiliondoka na intaneti ikarudi. Alihakikisha kuwa kinga ya Windows imewaka, akaondoa Flash pamoja na Java tatu za zamani, akasasisha kivinjari. Siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, maombi ya binti yake yalipokelewa. Vyeti vya majirani alivifuta katika kompyuta na katika flashi baada ya wao nao kukamilisha yao.

Zoezi

1. Fungua orodha ya programu katika kompyuta yako. Andika majina matatu usiyoyafahamu, na tafuta kila moja linafanya kazi gani kabla ya kuamua.

2. Jirani yako amesasisha Java na anaamini kwamba ile ya zamani imeondoka. Utamshauri aangalie wapi?

3. Ukurasa unaouamini unakuambia kwamba muunganisho si salama. Taja kitu cha kwanza cha kukagua kabla ya kuondoa programu yoyote.

Majibu ya swali la pili na la tatu yamo katika somo hili. La kwanza jibu lake liko katika kompyuta yako, nasi tunakushauri ulitafute leo, kabla hujabakiwa na siku nne.